Kwa Fundi Viatu Aliyeomba Kusindikizwa

Mwaka umezunguka, Baba Bosi, tangu siku ile ulipoweka nyundo chini ukasema unanyoosha mgongo kidogo. Kumbe ndiyo moja kwa moja.

Viatu vya watu nimevirudisha vyote. Kimebaki kimoja cha kushoto, mwenyewe hajaja. Sina roho ya kukitupa.

Tulipomchukua binti yetu awe wetu, akiwa darasa la pili, alikuwa akijikojolea mchana, shuleni na nyumbani. Watu wakasema mvivu, wengine jeuri. Wewe ulimtazama kwanza, misumari midomoni, kisha ukaniambia, "Mke wangu, huyu si mvivu. Huyu anaogopa kuomba. Huko alikopita, kila alichoomba kilimponza." Ukampa jina la Bosi.

Tangu hapo hukumuuliza kama amebanwa. Ukimaliza jozi moja unasimama: "Bosi, nisindikize chooni. Kule kuna mjusi, mimi namwogopa." Mtu mzima, na ndevu zote zile! Anakushika mkono, anakagua ukuta, anatangaza, "Ingia baba, kaondoka." Ukitoka unamwambia, "Na wewe pitia basi, safari ya pili ya nini?" Kisha maji, glasi yako na glasi yake. Akilowa, mnafua sketi pamoja, wewe unaimba vibaya makusudi mpaka acheke. Pole pole sketi zikaanza kurudi kavu.

Ulipoondoka akaanza upya. Msibani alilowesha mkeka mbele za watu. Dada yako akasema, "Damu si yetu hii, arudishwe alikotoka." Mtoto alisikia. Mimi nilikuwa nimelala ndani sijiwezi, kwa hiyo wifi huyo huyo akashika nyumba, akamnyima maji kutwa ili akauke. Hakukauka. Alipata homa, akawa analia akikojoa. Muuguzi akatukalisha wote: mkojo umekuwa mkali, na ugonjwa umeingia. Mtoto anywe maji, aende chooni kila baada ya saa chache, na kama anapata choo kigumu kitibiwe, maana nacho kinabana kibofu. Wifi akainamisha kichwa.

Ndiyo maana naandika, jamani, nyie wenye mtoto wa namna hii. Msimnyime maji. Msimpige, msimtangaze kwa majirani. Nendeni hospitali mapema. Na hata mkiwa na hasira vipi, msimwambie atarudishwa. Neno hilo mtoto halali nalo. Nimemuuliza Bosi kama niandike. Kasema, "Andika mama, ila jina langu usiweke."

Mimi sina utani wako. Nilijaribu habari ya mjusi, akanitazama kwa huruma tu. Basi tunakwenda kimya kimya, tunarudi kimya kimya. Siku akichelewa kutoka shule nasema leo wamemcheka, leo hataki kurudi. Na hakuna wa kuniambia, "Tulia, mama, anakuja."

Juzi mwalimu wake alinisimamisha getini, nikajua yamenifika. Akasema katikati ya somo Bosi alisimama, darasa zima likasikia: "Mwalimu, nimebanwa, naomba kutoka." Akatoka, akarudi, akaendelea kuandika.

Mtoto ameomba, Baba Bosi. Ameomba mwenyewe, na hakuna kilichomponza.

Nilirudi nusu nakimbia. Nimefika mlangoni, mdomo nimeshaufungua nikuite, ndipo nikaona kiti chako kitupu. Nikasimama pale pale na habari yangu. Kwa hiyo nakuambia hapa, gazetini, maana mahali pengine sina.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na Bosi, binti yako. Na dada yako, ambaye siku hizi anamjazia glasi kwa mkono wake. Na shemeji zako. Na mafundi wenzako wa mtaani.

Umetutoka machoni, moyoni hujatoka na hutatoka.