Mfuko Mwekundu Mtoni Rhine

Basel, Agosti 11

Kwako dada yangu Mengia,

Shikamoo. Natumai goti limepoa, na majani ya ng'ombe mmeyaingiza ghalani kabla ya mvua. Sisi tu wazima, yaani Placi ana mafua na mimi nina hofu. Hofu hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana kwa simu ningelia tu usinielewe.

Jana tulitembea kandokando ya Rhine toka asubuhi, polepole, kama watu wasio na kwao. Tulivuka kwa kile kivuko kisicho na injini, kinachosukumwa na mkondo. Mzee wa kivuko akamtania mume wangu kwamba sisi wa milimani tukiona maji mengi tunatafuta mti wa kupanda. Placi akamjibu kuwa maji yote hayo yanatoka kwetu Disentis, na wao wa Basel wanaletewa tukishamaliza kunawa miguu. Tulicheka, tukala soseji ukingoni.

Mchana jua likawa kali, Placi akataka kuelea mtoni kama wenyeji. Unawajua: nguo wanazitia katika mfuko wa umbo la samaki usioingiza maji, wanaukunja mdomo mara saba, wanaukumbatia, na mkondo unawateremsha. Kwa kuwa mimi siogelei, aliniachia mfuko wetu mwekundu, tukakubaliana nimfuate kwa miguu, nimngoje kwenye ngazi.

Nilikwenda bila haraka, nikitazama vichwa vikipita majini. Nilifika hadi daraja la Dreirosen, ambako waogeleaji wote hutakiwa kutoka kabla ya bandari na meli zake. Nikakaa. Vichwa vikapungua. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima, Placi haonekani. Halafu nikaona mfuko mwekundu unakuja peke yake, haujashikwa na mtu. Nilijiona mjane tayari, nikawa nawaza nitamwambia nini mama yake.

Nilipiga kelele mpaka mama mmoja aliyekuwa akijikausha nywele akaja mbio. Nikamwambia mume wangu amezama, ule pale mfuko wake. Akautazama, akasema ule ni wa binti yake, umemponyoka, na binti mwenyewe yule pale anaufuata. Kisha akaniuliza taratibu, na huo begani kwako ni wa nani?

Akanishika mkono, tukarudi naye kando ya mto kule nilikotoka, tukitazama kila ngazi. Tulimkuta Placi kwenye ngazi za Daraja la Kati, amejifunga taulo la mtu asiyemjua, anatetemeka. Bado alitania, eti nilitaka apande treni ya Disentis akiwa na chupi tu. Nikamjia juu kwamba tulikubaliana Dreirosen. Akanifungua kiganja cha kushoto. Kulikuwa na wino, mwandiko wangu mwenyewe: ngazi, Daraja la Kati.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hiyo sikufichi. Najiandikia kiganjani tangu Pasaka, na kila jioni nafuta kabla Placi hajaona. Siku ya ubatizo wa mjukuu wako sikuachwa na treni. Nilikuwa kituoni, nimesahau nakwenda kwa nani. Lakini jana sikusahau ngazi tu, nilisahau hata kuwa nina kiganja cha kutazama. Baba alianza kusahau akiwa na miaka hamsini na tisa, nami naifikisha Oktoba. Nakumbuka tulivyomcheka mezani akirudia habari ile ile mara tatu. Naogopa sana, dada.

Placi ananipeleka kwa daktari Alhamisi. Anakusalimu, nami nawasalimu watoto wote, na jirani wa ng'ambo ya kanisa ambaye jina lake limenitoka sasa hivi.

Nina ombi moja. Ukipata barua nyingine yenye habari hii ya mfuko mwekundu, nikikusimulia kana kwamba hujawahi kuisikia, usinijibu kwamba nilishakueleza. Funga mlango, uje.

Mdogo wako,
Barla