Mipira ya Usukani Uliyonitumia

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko? Wifi hajambo, na watoto? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unajifanya daktari wa nafsi yako? Sisi tunaendelea vizuri. Mama goti linamsumbua na mdomo haumsumbui hata kidogo. Mimi nina neno ambalo nimelimeza wiki tatu. Ukiona mwandiko umeyumba, usinicheke mpaka ufike mwisho.

Ni kuhusu ile mipira ya kushikia usukani uliyonitumia kwa ajili ya baiskeli yangu ya mlimani. Minene, laini, na rangi ndiyo ile ninayoipenda. Niliifunga siku ile ile na kuringa nayo kwa wenzangu wote. Lakini nikishuka mlima ilibidi niikamate kwa nguvu zangu zote, kwa sababu vidole havikuweza kuizunguka. Nikifika chini, kidole cha pete na kile cha mwisho, mkono wa kulia, vimekufa ganzi. Nikajiambia ni uchovu tu.

Jumatano iliyopita nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, nikaona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe. Nikaanza kutafuta nani kamwaga rangi. Kumbe sindano ya cherehani imepita kwenye kidole changu cha pete, na sikuhisi chochote. Niliogopa, Kaka. Sikuogopa hivyo hata siku breki ziliponikatikia. Mkono huu ndio unaonilisha mimi na Mama.

Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa. Nisipande baiskeli wiki sita. Hisia huenda zikarudi, huenda zisirudi. Mashindano ya baiskeli ya Jumamosi nimejitoa.

Baiskeli niliipeleka kwa fundi wetu wa baiskeli, yule asiye na breki mdomoni. Aliniambia nishike usukani, akapitisha kidole gumba chake kati ya ncha za vidole vyangu na kiganja.

"Dada, hapa panapita lori. Vidole vinatakiwa karibu viguse kiganja. Aliyenunua hii ana mikono kama sepetu!"

Nikakukumbuka, nikacheka, halafu nikalia pale pale mbele ya wateja wake. Amenifungia mingine myembamba, inayokazwa kwa skrubu isizunguke. Yako nimeiweka kwenye droo ya vifungo.

Usijilaumu. Tangu utotoni nimevaa vyako: viatu nikavijaza matambara, mashati nikayakunja mikono. Kutwa nzima napima watu, lakini kiganja changu sikukipima, kwa kuwa kitu kikitoka kwako naamini kimenitosha.

Mama hajui. Ukipiga simu usiniumbue, tafadhali. Shangazi anakusalimu sana, na Mjomba anauliza kama umenenepa. Mbusu Wifi kwa niaba yangu. Mungu akutunze huko uliko na akurudishe kwetu mzima.

Nyuma ya karatasi hii nimeuchora mkono wangu wa kulia, nikitumia wa kushoto, ndiyo maana umepinda. Kila asubuhi naugusa mkono wenyewe kwa ncha ya sindano, kidole kimoja kimoja. Vile viwili nilivyovichora kwa nukta nukta bado havijanijibu. Siku ukitaka kunitumia kitu tena, weka kwanza mkono wako juu ya mchoro huu.

Mdogo wako anayekupenda vile vile,
Fundi