Fahali wa Babu, Pikipiki ya Baba

Umoja, Nairobi
Jumapili, 14 Juni 1981

Kwa Nyanya mpendwa,

Sote hapa tunakusalimu. Je, goti lako limetulia, au mvua bado inalisumbua? Mama amepona kikohozi. Mimi niko kidato cha pili na nimekuwa wa tatu katika Kiswahili. Nakuambia wewe tu, kwa sababu darasani sipendi kutajwa.

Nyanya, Baba hajui kwamba nakuandikia. Agosti itatimia miaka miwili tangu tumzike Babu, na hatujarudi Khayega. Krismasi ikikaribia, Baba husema kazi ni nyingi kiwandani. Nilipomsumbua Mama kwa maswali, aliniambia, "Muulize nyanya yako habari za yule fahali," kisha akaendelea kuchambua mboga. Ninachojua ni kwamba Baba alimuuza Jenerali, fahali wa Babu, baada tu ya mazishi, akanunua pikipiki.

Pikipiki yenyewe naijua vizuri. Jumapili tukitoka kanisani Baba huiegesha mbele ya nyumba. Rafiki zake wawili huja na zao: Bedan wa nyumba ya pili, na Ndung'u anayeshona mikoba ya ngozi Kariokor na ambaye amewashonea wote viti vya pikipiki. Huzifungua, huzisafisha, hubishana, halafu jioni huzunguka nazo mpaka Outer Ring Road na kurudi. Mimi hukaa kwenye ngazi na kile kitabu cha pikipiki, maana ni cha Kiingereza na herufi zake ni ndogo. Wakikwama, Ndung'u hupaza sauti: "Profesa! Hebu tusomee hapo kwa kabureta!" Nikisoma, ananiambia, "Ongeza sauti, bwana, hapa si maktaba!"

Swali langu ni moja tu. Baba akija nyumbani Krismasi hii, utampokea?

Mjukuu wako,
Patrobas


Khayega
5 Julai 1981

Mume wangu Patrobas,

Mulembe. Goti lipo, linanitangazia mvua kabla ya redio. Nimeonyesha barua yako kwa akina mama wa kanisa ili wajue kwamba huyu mume wangu wa pili ana mwandiko. Yule wa kwanza aliyekuachia jina, akiandika "P" ungedhani ni jembe.

Umeniuliza, nami nakujibu kama mtu mzima. Sikukasirika kwa sababu Jenerali aliuzwa. Ng'ombe huuzwa. Fahali wa kupigana anataka mtu wa kumwamsha, kumwimbia, kumtembeza mpaka uwanjani, na aliyeyafanya hayo tulikuwa tumemzika. Lakini asubuhi hiyo nilitoka na ndoo ya maji yake, nikakuta kamba imelala chini. Baba yako alimtoa alfajiri bila kuniambia neno, akapanda basi siku hiyo hiyo. Watu walikuja kuniuliza, "Mama Javan, Jenerali yuko wapi?" Nami mjane wa mwenye fahali nikawa sina jibu.

Lango langu halina kufuli. Lakini Javan ana mdomo, nilimzaa nao. Aje nao.

Na hicho chuma chake hula nini? Kina jina?

Mke wako anayekungoja,
Nyanya Khavere


Umoja, Nairobi
Jumapili, 9 Agosti 1981

Nyanya mpendwa,

Natumaini hujambo, na kuku pia. Sisi tuna afya, ila pikipiki haina.

Inakula petroli iliyochanganywa na oili. Petroli peke yake huiua, kwa sababu oili ndiyo inayolainisha injini ndani. Baba hupima oili kwa kikombe, hatikisi mkono, na hata Bedan humletea yake ampimie. Jina haina. Baba huiita "huyu" tu. "Huyu leo ameamka vibaya." "Huyu hataki baridi."

Jumapili iliyopita ilitimia miaka miwili tangu tumzike Babu. Kanisani Baba hakuimba. Tulipotoka alikwenda kutia petroli, na kile kikombe kikabaki dirishani. Nilikiona, nikadhani amenunua oili iliyopimwa tayari. Saa nyingi zikapita. Tulimwona akija kwa miguu, anaisukuma kutoka Outer Ring Road, shati limelowa jasho. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kabisa.

Ndung'u alipoifungua aliduwaa. "Javan, wewe? Wewe unayetufokea sisi kila siku? Umesahau oili wewe?"

Baba alisema, "Nilikuwa nafikiria mambo."

"Mambo gani yanayozidi oili?"

Baba aliokota kitambaa akaanza kufuta silinda. Ndung'u aliniangalia mimi, akaacha kumtania. Walipeleka silinda kwa fundi ichongwe upya na kutiwa pistoni nyingine, na Baba sasa anakwenda kazini kwa miguu.

Jioni hiyo nilimwambia, "Baba, ungemwandikia Nyanya." Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Akasema, "Nimwandikie nini, Patrobas?" Hakusema kwa hasira. Nadhani alikuwa anauliza kweli.

Mjukuu wako,
Patrobas


Umoja, Nairobi
6 Septemba 1981

Kwako mama yangu mzazi usiye na kifani,

Ni matumaini yangu makubwa kwamba waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya. Dhumuni la kukuandikia ni kukuomba radhi kwa unyenyekevu mkuu. Nikikumbuka jinsi nilivyomwondoa Jenerali alfajiri ile bila kukuarifu, machozi hunidondoka mithili ya mvua ya masika. Moyo wangu umejaa majuto yasiyo na kipimo. Tafadhali nipokee Krismasi ijayo, mimi pamoja na familia yangu.

Wako mtiifu,
Mwanao Javan


Khayega
20 Septemba 1981

Mume wangu Patrobas,

Mulembe sana. Mimi ni mzima, na mbavu zimeniuma wiki nzima kwa kucheka, baada ya kulia kidogo kwanza.

Mtoto wangu Javan hajawahi kuandika "tafadhali" maishani mwake. Barua zake zote ninazo, huanza hivi: "Mama, ni mimi." Halafu husema anachotaka, halafu hunyamaza. Na machozi yake hayajawahi kudondoka mithili ya kitu chochote. Alipovunjika mkono akiwa mdogo, alikuja jikoni akaniambia, "Mama, huu mkono umepinda." Basi.

Najua ulifanya kwa upendo. Ulituona mama na mwana wamekaa kimya, ukataka kusema badala yao. Lakini neno hilo nimelingoja kutoka kwa mtu mmoja, na si wewe. Ukinipa wewe, bado nitabaki nalingoja.

Kwa hiyo nimefanya kitu ambacho kitakunyima usingizi, nisamehe. Hiyo barua nimeitia kwenye bahasha nyingine, nikamtumia Javan kwa anwani ya kiwandani. Nimeandika chini: "Mwanao amejaribu. Na wewe?"

Akikuchapa, niambie, nitakuja Nairobi na goti hili hili.

Nyanya yako


Umoja, Nairobi
Alhamisi, 12 Novemba 1981

Nyanya mpendwa,

Samahani kwa kimya changu. Hakunichapa. Natumaini goti linakuacha ulale. Barua hii haina stempu, na ukiisoma utajua kwa nini.

Siku aliyoipata barua, Baba alirudi nayo kwenye mfuko wa ovaroli. Nilikuwa namalizia hesabu. Nilipoona karatasi yangu, nilifunga daftari. Alikaa kwenye kiti cha pikipiki, ambayo ilikuwa bado haina injini, akaisoma yote tena mbele yangu. Kisha akasema, "Hivi ndivyo unavyodhani mimi huongea?"

Nikasema, "Hapana, Baba. Ndivyo tunavyofundishwa kuandika."

Ndung'u alikuwa anapita, akamnyang'anya ile karatasi, akasoma kwa sauti pale pa mvua ya masika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Profesa! Umemfanya baba yako bibi harusi!" Baba hakucheka. Aliichukua karatasi akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo hakulitaja jambo hilo. Wiki zilipita, nami nilimwogopa kwa sababu ya ule upole wake. Alikuwa akinipa hata minofu yake ya kuku.

Silinda ilirudi kutoka kwa fundi mwisho wa Oktoba. Jumapili iliyopita waliifunga injini, na iliwaka kwa teke la tatu. Bedan akasema, "Twende, twende tukaijaribu, tuipige moto!" Baba akamzuia. Akaniambia, "Patrobas, leta kitabu. Injini mpya inatakaje?"

Nikasoma. Kitabu kinasema pistoni mpya na silinda mpya hazijazoeana. Kwa kilomita mia nane za kwanza mtu aendeshe polepole, asiilazimishe mlimani, apumzike ipoe, na asiikimbize hata barabara ikiwa tupu.

"Kilomita mia nane," alisema Baba. Alifuta mikono. "Kutoka hapa mpaka Khayega na kurudi ni ngapi?"

Ndung'u aliangalia viatu vyake. Mimi nilijua, maana nilishapima kwenye ramani ya shule zamani. Nikasema, "Ni mia nane kasoro kidogo tu."

"Basi huyu atazoea njiani," akasema Baba.

Nyanya, hapo nilitaka kwenda naye. Mitihani yangu inaisha Ijumaa ya wiki ijayo, na Baba alisema angeweza kuningoja nikae nyuma yake. Hajawahi kunibeba mwendo mrefu. Lakini mstari uliofuata kitabuni ulikuwa unasema kipindi hicho isibebe abiria. Baba hangeuona, yeye hasomi herufi zile. Niliuangalia mstari huo kwa muda. Halafu nikausoma, na Ndung'u hakuniambia niongeze sauti.

Baba aliniwekea mkono kichwani, mkono wa oili, nikaenda shule Jumatatu na nywele zinanuka petroli, na sikuziosha.

Ameomba likizo na anaondoka kesho asubuhi. Atalala njiani kwa rafiki yake Nakuru. Barua hii iko ndani ya jaketi lake. Sijui atasema nini akifika. Nilitaka kumwandikia kwenye karatasi maneno machache ya kumsaidia, nikakumbuka uliyoniambia, nikaacha.

Mjukuu wako,
Patrobas


Khayega
17 Novemba 1981

Mume wangu Patrobas,

Mulembe. Natumaini mitihani inakwenda vizuri, na unakula. Baba yako alifika Jumamosi, mzima, mwekundu wa vumbi kama tofali.

Tulimsikia kabla hatujamwona, kisha tukangoja, tukangoja. Watoto walikuwa wamemfuata kutoka sokoni, nao wakafika kabla yake. Jecinta, binti wa jirani, alimpita na mzigo wake wa kuni, akamwuliza, "Baba, nikusaidie kusukuma?" Javan akamwambia, "Tangulia, mama, huyu hakimbizwi." Alipofika hapa langoni nikamwambia, "Umetoka Nairobi lini, mwaka jana?" Akasema, "Mama, ni mimi." Nami nikasema naona.

Jumamosi ikapita. Alikula, akanipa barua yako, akalala. Jumapili tulikwenda kanisani, yeye na pikipiki nyuma yangu, mimi kwa miguu mbele, na akina mama wakasema sijawahi kusindikizwa hivyo hata siku ya ndoa. Alikwenda kaburini peke yake. Neno lenyewe hakulisema, na mimi sikuliuliza. Nilikuwa nimeapa sitaliuliza.

Jana alasiri aliitoa pikipiki uani akatandika gunia, akaanza kuifungua huku na kule, kukaza palipolegea. Nilileta kigoda nikakaa karibu nichambue maharagwe. Kumwangalia mtu akifanya kazi ni rahisi kuliko kumwangalia usoni. Alikuwa ameinama, ananipa mgongo. Akasema hivyo hivyo, kwa mgongo:

"Mama, ni mimi niliyemtoa Jenerali."

Nikasema, "Najua. Wezi wangechukua na kuku."

Akakaza kitu. Halafu akasema, "Yule fahali alikuwa anamlilia Mzee. Kila asubuhi ya matanga, anaita, anaangalia mlango. Sikuweza. Na ningekuambia, ungekuja kumuaga, ningekuona, ningeshindwa kumtoa. Kwa hiyo sikukuambia." Akafuta pua kwa kiwiko. "Nilikuacha na watu wakikuuliza. Hilo nalijua, Mama. Nalijua kila siku."

Mume wangu, nilikuwa na majibu ya miaka miwili. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, mengine makali. Nikayatafuta, sikuona hata moja. Nikaweka maharagwe chini, nikavuta kigoda mpaka kwenye gunia lake, nikamwuliza, "Sasa hapo unataka spana ipi?"

Akasema, "Ile ndogo, Mama."

Nikachagua, nikampa. Aliishika, akasema asante, akainama akaendelea. Baadaye kidogo, akidhani sioni, aliiweka taratibu pembeni akachukua nyingine. Kumbe haikuwa yenyewe, na hakuniambia. Nikampa nyingine, akaipokea hiyo pia.

Nyanya yako,
Khavere