Kijiji Alikonipeleka Salim

Mabela, Maskati

Kwa dada yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Nnaanza na wewe kwa sababu barua hii nnataka uisome peke yako kwanza, na nnajua miwani huivai mpaka umalize kusali alasiri. Presha imeshuka, au bado unakula chumvi kwa kujificha? Shemegi Mbarouk goti lake vipi, anashuka ngazi mwenyewe au mpaka ashikwe? Bi mkubwa mama yetu nambusu mikono, nambie kama anakula au anajitia kula. Hamadi na mkewe wamepata nyumba? Na watoto wao, yule mdogo kesha ota meno? Zuwena mwanangu, mchumba wa Salim, mkazamwana wangu inshallah, pale duka la dawa wanampa japo siku moja ya kulaza miguu? Na jirani yetu Bi Mwanaidi, bado anachungulia dirishani? Msalimie, lakini barua usimwoneshe.

Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa nyonga. Salim mzima wa mwili. La moyo wake ndilo lililonishikisha kalamu.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu yenu inapokelewa barazani, inawekwa sauti juu, wanasikia waliomo na wapitao. Nimempa barua shoga yangu Zaina wa Ruwi anayekuja huko Unguja kwenye harusi ya kwao, na nimeitia gundi mara mbili. Ikikufikia imefunguliwa nambie. Mwandiko usinicheke, wewe ndiye uliyekaa skuli mimi nkatolewa darasa la nne.

Dada, mambo yalianzia kwenye kabati la Salim. Ramadhani nlikuwa nnapanga nguo zake nkakuta sweta la sufu, zito kama mtoto mchanga, lina mapambo yanazunguka shingo. Mabela hii ambayo kiyoyozi hakipumziki, mtu na sweta la nini? Nkalinusa, linanuka kondoo. Nkamuuliza, akasema alilinunua ile safari ya semina ya mambo ya samaki, ofisi yao ya Al Khuwair ilipompeleka Ulaya wakati wa baridi. Nkasema haya. Lakini nguo ya kununua huwa na kijitambaa cha duka shingoni, na hili halina. Limefumwa kwa mkono, na mkono huo ni wa mwanamke.

Baada ya Idi kubwa akanambia, mama jitayarishe, nna likizo, twende Aislandi, kulekule kwenye semina. Nkamuuliza kuna nani. Akasema hakuna mtu. Hapo ndipo nlipojua kwamba yuko. Kijana kesha posa, harusi imebaki miezi, anampeleka mama yake mwisho wa dunia kutazama milima, na milima Maskati imejaa mpaka nyuma ya majumba ya watu. Nkajua ni mzungu, na labda kesha zaa naye. Sikukwambia, kwa kuogopa presha yako. Nkafunga mchele, bizari, jodari wa makopo na msala wangu, nkaenda nimshike palepale kwa ajili ya Zuwena.

Basi tukashuka mwezi wa tisa, tukaenda kuchukua gari ya kukodi. Yule kijana mwenye magari aliizunguka na simu anaipiga picha kila pahala, mpaka mikwaruzo. Kisha akaleta karatasi. Bima ya mawe, bima ya upepo, bima ya mchanga. Nkamwambia Salim hawa wezi, gari gani ina bima ya mchanga, sisi kwetu mchanga tunakula nao. Akasema huko upepo unang'oa mlango, kila nkitaka kushuka niushike kwa mikono miwili. Nliushika mlango ule siku saba, hata gari inapokwenda.

Tuliendesha kutwa. Saa nzima hatuoni nyumba, kondoo tu wamelala njiani kama wamelipia. Bahari huko imeingia katikati ya milima, ndefu na nyembamba, kama zile khori za Musandam huku Omani, ila milima yao ina majani na ukungu umekaa juu. Unaizunguka upande mmoja mpaka ndani kabisa, unatoka upande wa pili, kisha unaiona nyingine inakungoja. Tukafika pahala njia inaingia ndani ya jabali, na humo ndani ni ya gari moja tu. Akija mwenziwo mmoja wenu anajibanza kwenye tundu la ubavuni. Nkasoma Ayatul Kursiyy mara saba. Nkamwambia Salim mwanamke wa kufuatwa huku awe na nini. Akanitazama tu, akasema, "Mama, kunywa maji."

Kijiji chenyewe kiko mwisho wa njia ya kokoto. Nyumba hazifiki arubaini, za mabati ya rangi, na mtu hata mmoja nje. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Bi Gudruni. Mlango wake hauna ufunguo. Hajui uliko tangu mumewe alipokufa, wala hautafuti. Nlilala nimeegemeza kiti mlangoni. Asubuhi nkaingia sebuleni kutazama, na ukutani nkaona picha ya msichana, mzuri wa haki, kavaa sweta lilelile. Mapambo yaleyale shingoni.

Dada, nkamwita Salim, nkamwonyesha kwa kidole. "Ndiye huyu?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mjukuu wa Bi Gudruni, kaolewa, yuko mji mkuu. Sweta kafuma bibi mwenyewe, alimpa Salim pale alipomwona anatetemeka na jaketi lake la Ruwi. Kumbe ile semina ilikuwa na siku nne za ziada ambazo sikuambiwa. Alikwenda kuhojiwa kwa kazi. Kwenye maji yale ya kijijini wanafuga samaki ndani ya nyavu kubwa za duara, na kampuni yao inamtaka Salim miaka miwili, yeye na mkewe, nyumba juu yao.

Nkamuuliza mbona hukunambia nyumbani. Akasema, "Ungekataa hata sanduku hujafunga." Kisha akasema neno ambalo bado liko kifuani mwangu. "Mama, mimi mlinichunguza, Zuwena mlimchunguza. Hiki kijiji nani kakichunguza? Wewe hudanganyiki. Nitazamie."

Unakumbuka tulipokwenda kumtazama yule kijana aliyemposa Shemsa wa shangazi, tulivyopiga hodi tukajitia tunaomba maji ya kunywa? Wewe ukapita jikoni, mimi nkapita chooni, na tulipotoka nje posa ilikuwa imekwisha kufa. Salim kakua anasimuliwa hayo. Basi ndiyo kazi aliyonipa, na mimi nkaifanya kwa moyo mmoja.

Siku tatu nliingia kila pahala. Duka moja, mchele wa pakiti ndogo kama dawa. Daktari anakuja mara moja kwa wiki, akizuiliwa na theluji haji. Jua miezi miwili halionekani, mlima umelikinga. Kila nlilouliza Salim alinitafsiria, na hapo nkaanza kumshuku yeye. Bi Gudruni anazungumza mpaka pumzi zinamwisha, Salim ananipa maneno mawili. Kasema nini? Kasema baridi inavumilika. Maneno yote yale, baridi inavumilika?

Siku ya nne ilikuwa ya kuteremsha kondoo. Huwaachia mlimani tangu majira ya joto, bila mchunga, na siku hiyo kijiji kizima kinatoka kuwashusha. Wanawatia kwenye zizi kubwa la duara lenye vyumba vya kila mwenye mali, mtu anamkamata wake kwa alama ya sikio, anamburura kwa pembe mpaka chumbani kwake. Nlisimama nnawatazama mikono. Nkajua leo tu ntamwona mwizi. Alikuja mzee na kondoo, akamgeuza sikio, akamwachia, akamwita mwenye kondoo. Sikuona mwizi. Nliona haya kidogo, lakini sikuacha kutazama.

Hapo mtu akanitolea salamu ya Kiarabu nyuma yangu. Mwanamke kavaa mtandio na mabuti ya mpira. Umm Yazan, Msiria, yeye na mumewe wameletwa huko na vita vya kwao, na anafanya kazi hapohapo kwenye samaki. Nkasema Mungu kaniletea mkalimani asiye mwanangu. Nkamfuata mpaka kwake, nkapita jikoni kama desturi, na jiko lake safi. Nkamuuliza jambo moja tu, lile ambalo wanaume hawaulizi. Mwanamke akizaa huku, nani yuko naye?

Alimaliza kiazi alichokuwa anakimenya. Kisha akanambia. Njia hufungwa na theluji siku mbili, tatu, kwa hiyo mwenye mimba anahamishwa mji mkubwa wiki mbili kabla, anakaa chumba cha kupanga anangoja uchungu. Yeye alikaa peke yake, mume yuko kazini. Alizaa bila mama, bila dada. Mwaka wa mwanzo alilia kila siku.

Dada, nliposikia hivyo nlijiona mimi Maskati, nimemzaa Salim, sijui mtu, marehemu baba yake yuko safarini, nnajikanda tumbo mwenyewe. Nkasimama niage.

Umm Yazan akanishika mkono. "Kaa, sijamaliza." Akanambia arubaini yake hakupika hata siku moja. Kila siku mlangoni kuna sufuria ya supu ya samaki, na mwenye kuileta haonekani. Na Bi Gudruni huyuhuyu alikuja kila asubuhi siku arubaini, hawana lugha ya kuelewana, anakaa anafuma, anambeba mtoto mama mtu aoge. Na lile jua likirudi baada ya miezi miwili, nyumba zote wanapika chapati za maji wanaalikana kahawa. Mwaka wa pili, akasema, "mume wangu alipata kazi mjini, mimi ndiye niliyekataa kuhama."

Sasa ndiyo nakuja kwenye aibu yangu.

Siku ya kuondoka kijijini, ndani ya gari, Salim akaniuliza Umm Yazan kasema nini. Nkamwambia, "Kasema alilia mwaka mzima."

Akangoja. "Na baada ya hapo?"

"Basi."

Mimi niliyemshuku mwanangu kwa maneno mawili, nkampa yeye moja. Aliendesha mpaka tumepita lile jabali, ndipo akanambia kwamba atawaandikia hataki. Na mimi, Mungu anisamehe, nliona raha. Nlifungua biskuti nkala. Nlijitia nasema moyoni ni kwa ajili ya Zuwena, asizae peke yake. Lakini uwongo, dada. Zuwena nlimkumbuka baadaye. Nlichokuwa nnakiona ni nyumba hii ya Mabela, vyumba vinne, na mimi ndani yake peke yangu nazungumza na friji.

Tangu turudi hajaniuliza tena. Anakwenda kazini anarudi, anakula, anasema mama chakula kizuri. Angenigombeza ningepata pa kushika. Na barua ya kukataa bado hajaituma. Nkamwambia ngoja kwanza, kuna neno nnalitaka kutoka Unguja. Kauliza neno gani, nkasema la wanawake. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu na wale wenye kazi wanangoja.

Utasema si umwambie tu. Ntamwambia. Lakini nkimwambia leo atakwenda, na atadhani Zuwena kesha kubali kwa kuwa mimi nimekubali, kama tunavyofanya siku zote. Sitaki. Nlimwamulia mtu mmoja kwa maneno nusu, wa pili nisimwamulie kwa maneno mazima.

Nnachokuomba, mwite Zuwena mkae wawili, si mbele ya shangazi zake, wala Shemegi Mbarouk asiwe karibu anakohoa. Msomee yote. Chumba cha kungojea uchungu usikipunguze, na ile miezi miwili bila jua usiipunguze, na supu ya mlangoni usiizidishe. Na ukifika penye aibu yangu usiparuke. Mume ni Salim, lakini mkwe ni mimi, naye ana haki ya kunichunguza. Mwambie pia hili, ambalo hata Salim sijamwambia: akenda, akishika mimba, wiki zile mbili za chumba cha kupanga ntakaa naye mimi, na arubaini ntamkanda mimi. Ile njia ya ndani ya jabali naiogopa, lakini ntafumba macho. Akikataa kwenda, hakuna atakayemlaumu, na kwa Salim lawama ntazibeba mwenyewe.

Nisalimie Bi mkubwa mama yetu, umwambie Nassra wake anamwombea kila sala na yeye aniombee. Shemegi Mbarouk mpe salamu za shemegi yake mwenye maneno mengi. Hamadi, mtoto wetu mkubwa, na mkewe na watoto nawabusu wote. Na Bi Mwanaidi jirani, kwa sababu atauliza.

Zaina anarudi Ijumaa ya pili, mpe jibu mkononi, au Zuwena mwenyewe anipigie mimi, si Salim. Akisema ndio au hapana, mimi siku hiyohiyo nnamkalisha mwanangu nnamwambia yote aliyosema yule mwanamke. Lakini fanyeni upesi, dada. Mwezi unakwisha, na mtoto wa watu kila jioni ananisifia chakula.

Mdogo wako,
Nassra, mama Salim