Kibali Kisichovuka Mpaka

Baba,

Shikamoo. Najua huitiki tena, lakini ulimi haujazoea kukaa kimya mbele yako.

Nimechoka, Baba. Tangu tukuzike hapa Changamwe, kazi yako ya kutafuta watu waliopotea nimeibeba mimi. Nilikwenda ofisini kibali chako cha kazi hiyo kiandikwe jina langu. Karani akasema kibali kilikuwa cha marehemu, niombe changu, na nilete mdhamini mwanamume. Mvua zilikuja zikaisha ndipo nikakipata. Siku hiyo nilikaa barazani pako nikalia, sijui kwa furaha au kwa uchovu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Dama wa Mishomoroni, yule uliyekuwa ukimtania kwa mihogo yake migumu. Mumewe, Charo, hakurudi kutoka vitani. Wakwe walitaka matanga yafanywe, kisha arithiwe na shemejiye. Yeye akakataa. Alikuwa amesikia kwamba Charo yuko Tanga.

Nikapanda lori. Kule Tanga askari akakitazama kibali changu. "Hiki ni cha Kenya, bibi. Hapa Tanganyika utafute ruhusa ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya." Uliniambia hivyo zamani, kwamba kila serikali ina sheria yake na Unguja ndiyo ngumu kuliko zote, nami nikadhani unatia chumvi. Walinikalisha kituoni mpaka jioni, wakaniachilia kwa sharti nisiulizeulize watu.

Basi sikuuliza. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa nyuma nikitazama waingiao, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Charo aliingia kwa magongo, Baba. Mguu mmoja hana. Baada ya ibada nikamwambia nimetumwa na mkewe.

"Mwambie nimekufa," akasema.

"Nikimwambia hivyo, atarithiwa na nduguyo. Ndivyo utakavyo?"

Aligeuza uso ukutani.

Njia nzima nilijiuliza nitasema nini. Nilipofika nilimweleza Mama Dama yote, mguu, na yale maneno pia. Akajifunga leso, akaniuliza, "Lori la Tanga huondokea wapi?"

Alikwenda peke yake. Hakuna askari aliyemuuliza kibali, maana mke kumfuata mumewe si kazi ya kuombewa ruhusa. Amerudi naye. Juzi nimepita kwao nikawakuta uani, Charo anamenya mihogo, mkewe anamgombeza kwa kuikata vipande vinene. Habari ya kurithiwa imekwisha.

Leo asubuhi amekuja mama mwingine. Mwanawe alikwenda Unguja na hajaleta habari. Nimemwambia itachukua muda, na mabega yakamshuka. Miguu inaniuma, Baba, nami sijui huko nitaanzia kwa nani.

Lala salama. Nakuahidi jambo moja tu: atakayekuja kwangu kumuulizia mtu wake, nitamwambia nilichokiona, hata kama ni kibaya.

Mwanao,
Kadzo