Katleho Ameshuka Mlimani

Tumelo, ndugu yangu,

Mwanao amerudi, na ni mzima. Naanza na hilo maana ndilo ungeniuliza kwanza.

Tulipomaliza kukuzika hapa Saint Paul, Marekani, Katleho alikuja kwangu na sare yake ya kazini. Akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba anataka kwenda jandoni Lesotho, mlikopita wewe na babu yake. Mama yake alilia siku mbili. Kisha akanipigia simu: "Shemeji, mpeleke wewe."

Nikachukua likizo yangu yote. Tulipofika kwenu nikajitapa, unanijua. Niliwaambia wazee mimi ni Mbukusu wa Kenya, nilisimama mbele ya ngariba nimepakwa matope, na sikupepesa jicho. Walinisikiliza kwa adabu sana. Halafu mmoja akasema, "Hongera. Kwenu wewe ni mwanaume. Huku, nenda ukakae na akina mama."

Tumelo, nilienda! Wiki nne nilichota maji na kusonga ugali pamoja na mama yako, macho yangu yako kwenye moshi wa kambi ya vijana kule juu. Kila asubuhi nilimuuliza kama mtoto anakula. "Na wewe umeshakuwa mama," akanicheka.

Siku waliyoshuka, sikumtambua. Alikuwa mwekundu kwa udongo na mafuta, blanketi jipya mabegani. Zamu yake ilipofika akatoa majigambo yake kwa Kisotho. Katleho! Yule ambaye hata salamu ya Kisotho ulikuwa unamwomba. Mpwa wako alinitafsiria: amejiita mwana wa Tumelo, fahali aliyekanyaga theluji ya nchi mbili. Mama yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mimi nililia waziwazi, mbele ya wazee wale wale.

Tuliporudi huku, Jumapili alikuja kaburini kwako amejifunga blanketi, na joto lote hili la Agosti, akayasema yote tena kwa sauti kubwa. Familia iliyokuwa kwenye kaburi la jirani ikampigia makofi. Natumaini ulisikia.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Siku atakapotaka kuoa, nitakwenda kumposea, nikae kwenye kiti ambacho ungekikalia wewe. Nikikosea desturi zenu watacheka, lakini sitainuka mpaka tupewe mke.

Wako,
Wafula