Njia ya Kufika Ain Zanbaq: Kikao cha Saba cha Chama cha Misiba, Deira

Tarehe: Jumapili, 16 Novemba 2025, saa 9:10 alasiri
Mahali: Chumba cha juu, mkahawa wa Bi Sheikha, Al Rigga
Waliohudhuria: Hesbon (Mwenyekiti), Onesmus (Makamu), Shakir, Lois, Rukiya (Katibu)
Hakuhudhuria: Ronny. Alisema yuko zamu Al Quoz. Picha yake ya ufukweni tumeiona sote.
Mgeni: Mzee Adib, Mpalestina, miaka 84, anayetunzwa na Lois huko Jumeirah Lake Towers

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Shakir aliomba dua, Lois akasali. Makamu aliuliza mgeni anatafuta nini katika kikao cha wanachama. Lois alijibu kwamba madam, mwajiri wake, amesafiri, mzee haachwi peke yake, na anayekereka aje akae naye yeye.

KUMB. NA. 2/7: FOMU ZA NJIA YA NYUMBANI
Katibu aligawa fomu. Alikumbusha kwamba tangu gari lililopeleka maiti ya marehemu Dancan kwao kutoka uwanja wa ndege lilipopotea siku nzima, kwa kuwa vijiji viwili vina jina moja, kila mwanachama huandika njia ya kwao: shuka wapi, pinda wapi, uliza kwa nani. Kisha mtu wa kwao huithibitisha kwa simu.

Mzee Adib aliuliza kwa Kiarabu karatasi hizo ni za nini. Shakir alimfasiria. Mzee akaomba moja.

KUMB. NA. 3/7: OMBI LA MZEE ADIB
Makamu alipinga, kwamba mgeni si mwanachama. Kupitia kwa Shakir, mzee alieleza kwamba hatafuti kuzikwa na chama. Daktari amemwambia kumbukumbu zinamtoka. Anataka njia ya kijiji chake, Ain Zanbaq, iandikwe na mtu aikubali kabla hajaisahau. Alitoka huko mwaka 1948 akiwa na miaka saba. Vita vilipofika, watu walihama wakidhani ni kwa siku mbili, na hawakuruhusiwa kurudi. Nyumba zilibomolewa, leo ni msitu wa misonobari.

Makamu alisema, "Basi khalas, mpeni."

Hapo ajenda ilisahaulika, na Katibu anakiri kwamba naye aliuliza yake. Mwenyekiti alitaka kujua chifu wao alikwenda wapi. Mzee alijibu kwamba alitembea nao kwa miguu. Lois aliuliza mikate iliokwa wapi. Katika tanuri moja la wanawake wote, na ugomvi wa zamu haukwisha. Lois akasema, "Kumbe watu ni wale wale!" Makamu peke yake aliuliza maswali sita, moja likihusu mbwa wakali.

Njia iliandikwa hivi: toka barabara kuu, pinda kushoto kisimani, pita tanuri, nyumba ya tatu.

KUMB. NA. 4/7: KUTHIBITISHA
Makamu alisisitiza kwamba bila mtu wa kwao fomu haipiti. Lois alimpigia Bi Muna, dada mkubwa wa Mzee Adib, miaka 89, aliyeko Amman. Shakir alimsomea. Bi Muna alifoka: "Ya nne! Ya tatu ni ya ami Nasifu. Adib, we vipi?" Wakabishana robo saa. Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka, akakubali ni ya nne. Katibu alirekebisha, fomu ikapita.

Bi Muna akauliza, "Vizuri. Sasa nani anakwenda?"

Shakir alifasiri. Mzee Adib alitazama meza. Katibu aliona uchungu mkubwa na hana njia nyingine ya kuuandika.

Makamu ndiye aliyeivuta simu. Alimwomba Shakir amuulize Bi Muna: nyumba ya tano ilikuwa ya nani?

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA
Mambo mengine hayakujadiliwa. Karatasi ilipojaa majina ya wenye nyumba tuliigeuza nyuma. Kikao kilifungwa saa 12:40 jioni, tukiwa nyumba ya thelathini na moja.

Hesbon, Mwenyekiti: ................
Rukiya, Katibu: ................